Binti yangu anataka kipaimara kama cha kwenye simu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pasua hapa Moshi. Ni fundi cherehani, nina fremu karibu na soko la Mbuyuni, na mume wangu ni fundi umeme wa majumbani. Matajiri sisi siyo, ila tulikuwa hatulali njaa na mahitaji ya shule ya watoto tulikuwa tunayamudu. Mwaka huu mambo yamenivuruga.

Binti yangu mkubwa ana miaka 14, na Desemba anapata kipaimara usharikani kwetu. Mwanzoni mwa mwaka nilichukua simu janja ya mkopo, ile unayolipia kidogokidogo, ili wateja wanitumie picha za mishono. Jioni binti huichukua, na kazi yake ni moja, kutazama video za vipaimara vya watoto wengine. Ameniletea orodha: ukumbi wenye taa za rangi, keki ya ngazi tatu, magauni matatu ya kubadilisha, MC, na mpiga picha mwenye droni. Nilipomwambia tutafanyia nyumbani, pilau na soda, alilia akasema nataka kumwaibisha. "Mama, siku hizi hakuna mtu anayefanya hivyo."

Mdogo wake wa miaka tisa anajua matangazo yote ya juisi na biskuti kwa kichwa, na kila tukipita dukani lazima tugombane. Mume wangu niliyemtegemea awe upande wangu anataka tununue televisheni ya inchi 55 kabla ya Krismasi, kwa kuwa kaka zake wanakuja kutoka Dar. Tukiangalia tamthilia usiku, akiona zile sebule zao, anageuka anaitazama yetu, halafu ananyamaza.

Kibaya zaidi, kwa kutaka kumfurahisha binti, alikopa kwenye programu moja ya simu ili alipie kishika nafasi cha ukumbi. Aliomba 200,000, ikaingia 140,000, na baada ya siku saba wakadai 230,000. Alipochelewa walianza kuwatumia meseji watu waliomo kwenye simu yake, mimi na baadhi ya wateja wangu tukiwemo, kwamba ni mwizi. Ndivyo nilivyojua. Amelipa sehemu, bado wanamdai.

Wiki iliyopita nikachomoa king'amuzi nikakifungia kabatini, na simu nikawa nalala nayo. Haikusaidia. Watoto wanakwenda kuangalia kwa jirani, na mimi mwenyewe naikosa tamthilia yangu. Mume wangu anasema nawalea watoto kishamba. Kwenye kikundi cha vikoba akina mama wananiambia kipaimara ni mara moja tu maishani, nisibane.

Nauliza, Shangazi: hivi vyombo vya habari vina haki ya kutuingilia nyumbani namna hii? Niuze televisheni? Na kama si hivyo, kuna njia gani nyingine ya kuishi, watoto wakaona tulichonacho kinatosha?

Mama wa Pasua, Moshi

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Maswali yako nitayajibu yote, ila nianze na jambo ambalo hukuliuliza, maana ndilo lenye haraka: hilo deni.

Kaa na mume wako watoto wakishalala, mjue kiasi halisi kilichobaki. Msikope kwingine ili kulipa hilo; ndivyo watu wanavyojikuta na mikopo mitano kwenye simu moja. Angalieni kama mkopeshaji huyo ana leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo zilizokuwa zinaendeshwa bila leseni, kwa hiyo suala hili linajulikana na si nyumba yenu peke yake iliyokumbwa. Meseji walizotumiwa wateja wako zihifadhini zote, pamoja na namba na tarehe. Tangu 2022 nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ipo Tume inayopokea malalamiko ya watu ambao taarifa zao zimetumika vibaya. Mnachodaiwa kihalali lipeni, kwa makubaliano ya maandishi. Kudhalilishwa msikubali. Na wateja wako waeleze wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hawajaanza kusimuliana.

Sasa nije kwa binti.

Naomba uzitazame tena hizo video, safari hii kwa jicho la mtu wa biashara, maana wewe ni mtu wa biashara. Nani kaziweka? Mara nyingi utakuta ni mpambaji wa ukumbi, au mwoka keki, au anayekodisha magauni, au mpiga picha mwenyewe. Anatafuta mteja wa wiki ijayo, sawa na wewe unavyoweka picha za mishono yako. Hana kosa, anatafuta riziki. Lakini mtoto wa miaka 14 haoni kwamba hilo ni tangazo. Anaona mwenzake mwenye furaha, amependeza, watu wanampigia makofi. Haoni kadi za michango zilizozungushwa miezi mitatu. Haoni kamati ikibishana juu ya vinywaji hadi saa tano usiku. Haoni baba wa yule mtoto mwezi Januari akitafuta pesa ya sare. Hayo hayarekodiwi, kwa sababu hayamleti mteja.

Halafu simu yenyewe ina tabia yake. Inahesabu kila mahali jicho la mtazamaji linapokawia. Akitazama video mbili za kipaimara mpaka mwisho, kesho inampangia ishirini, na keshokutwa hakuna kitu kingine. Ndiyo maana binti yako anakuambia, kwa dhati kabisa, kwamba hakuna anayefanyia nyumbani siku hizi. Kwa vile alivyoonyeshwa, anasema kweli. Watoto wa Pasua, Njoro na Majengo waliokula pilau uani mwaka jana na kucheza mpaka jua likazama hakuna aliyewapiga picha za kuwaweka mtandaoni. Kwa hiyo usimwone mkaidi, wala usione umeshindwa kumlea. Anapokea habari za upande mmoja tu, na upande huo una fedha ya kuzisambaza.

Biashara hii haikuanzia kwenye simu. Marekani miaka ya 1930, kampuni za sabuni ndizo zilizogharimia michezo ya kuigiza ya mchana redioni, kwa sababu zilijua mama yuko nyumbani anasikiliza huku akifanya kazi, na ndiye anayeamua sabuni gani inunuliwe. Kila sehemu ya mchezo iliachia pale penye shauku ili kesho arudi. Tangu hapo mtindo ni uleule: kituo kinakusanya wasikilizaji, kisha kinamuuzia mwenye bidhaa nafasi ya kusema nao. Vituo vyetu vya biashara, vya Moshi, Arusha na Dar, vinaishi kwa njia hiyohiyo. Mshahara wa mtangazaji unayempenda unatoka kwenye matangazo anayoyasoma kwa sauti ileile anayokusalimia nayo asubuhi. Sisi Bara tulichelewa tu kidogo. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, huku kwetu imeingia 1994. Mtu mwenye miaka hamsini leo alikua bila picha hata moja ya sebule ya mtu mwingine ndani ya nyumba yao.

Nikupe mfano wa karibu na kwako. Mwaka 1967 tanzanaiti iligunduliwa Mererani, kusini tu ya uwanja wa ndege wa KIA. Mwaka uliofuata duka la vito la Tiffany & Co. la New York likaanza kulitangaza jiwe hilo kwa nguvu, na mojawapo ya maneno yao makubwa lilikuwa kwamba jiwe hilo linapatikana mahali pawili tu, Tanzania na kwao. Fikiria hilo. Mwaka 1966 hapakuwa na mwanamke yeyote duniani aliyekosa usingizi kwa kukosa tanzanaiti. Jiwe lilikuwa ardhini siku zote, halina habari na mtu. Kilichotengenezwa ni hamu, na iliyoitengeneza ni kazi ya matangazo. Binti yako naye miaka miwili iliyopita hakuwa na habari na droni.

Umeuliza habari ya haki. Kituo kina haki ya kutangaza, na nchi ina haki ya kukiwekea mipaka, na ziko zilizofanya hivyo. Jimbo la Quebec nchini Kanada tangu 1980 limekataza matangazo ya biashara yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 13. Sweden tangu 1991 inakataza matangazo ya televisheni yanayowalenga wa chini ya miaka 12. Jiji la São Paulo, Brazili, mwaka 2007 liliamuru mabango ya matangazo yashushwe barabarani, yakashushwa. Kwetu ipo Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumdanganya mlaji, na iko Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inayosimamia maudhui ya redio na televisheni. Tangazo likiwa la uongo, lalamika, usiishie kuguna. Lakini sheria peke yake haifiki mbali. Hata Sweden walikuta chaneli zinazorushwa kutoka nchi nyingine zinaingia majumbani bila kujali katazo lao, na hiyo ilikuwa kabla ya simu. Mimi ningependa sana kuona katazo la namna hiyo hapa, hasa kwa vyakula vya watoto na kamari. Nalisema wazi. Ila wewe una Desemba ya mwaka huu.

Kuhusu kuuza televisheni: usiuze. Umeshajaribu kuifunga kabatini ukaona matokeo, watoto wamehamia kwa jirani ambako haupo kuwaambia neno. Na tamthilia yako rudi uiangalie. Mama anayeshona tangu asubuhi ana haki ya kupumzika na hadithi. Hadithi hizohizo zilizobuniwa kuuza sabuni zimewahi kufanya kazi nyingine kabisa hapahapa nchini. Huenda mama yako anamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori, kwenye Twende na Wakati ya Radio Tanzania. Mchezo ule ulianza 1993 kuzungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI. Kwa miaka miwili ya mwanzo haukurushwa kupitia kituo cha Dodoma, kwa makusudi, ili watafiti waweze kulinganisha. Wakakuta kule uliposikika watu wengi zaidi walikuwa wameanza kutumia uzazi wa mpango. Hakuna aliyeamriwa. Watu walimfuata Mkwaju na wanawake zake, wakaona mwisho wake, wakazungumza wenyewe kwa wenyewe nyumbani.

Nyuma zaidi, 1973, ilikuwepo kampeni ya Mtu ni Afya. Karibu watu milioni mbili walikaa katika vikundi, redio katikati, wakasikiliza pamoja, wakajadili, halafu wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Mimi hilo ndilo linalonigusa kuliko yote. Redio ilikuwa ileile, lakini mbele yake walikaa majirani walioongea kabla ya kuamua. Leo kila mmoja ana simu yake, anatazama peke yake, anatamani peke yake, na aibu anaibeba peke yake. Bado vipo vyombo vya aina nyingine karibu nawe: Redio Sauti ya Injili iko Moshi hapo, na kule Terrat, Simanjiro, wafugaji wana redio yao ya jamii ya Orkonerei. Navyo vinatafuta fedha kwa shida, ndiyo maana ukipenda kipindi chao ni vizuri kuwatumia chochote, kwa sababu asiyelipiwa na msikilizaji atalipiwa na muuzaji.

Tuje kwenye utekelezaji. Katika barua yako yote sijaona mahali ulipomweleza binti yako nyumba yenu inaingiza shilingi ngapi. Nyumba zetu nyingi za huku tunaona ni kumtwisha mtoto. Matokeo yake, sauti pekee anayoisikia ikizungumza juu ya vitu na pesa ni sauti ya anayeuza. Ana miaka 14, anafundishwa kipaimara, anajiandaa kusimama mbele ya usharika mzima kukiri imani. Hesabu ya kilo za mchele ataiweza.

Keti naye Jumapili mchana. Mwekee daftari lako la fundi. Mwonyeshe mwezi wa kawaida unaingiza nini, baba anaingiza nini, kodi ya fremu ni ngapi, rejesho la simu hiyohiyo anayoitazama ni kiasi gani. Halafu mwambie kiasi mlichoweza kukitenga kwa kipaimara chake, kiasi cha kweli, kisichogusa deni. Fedha hiyo mpe aipange yeye kwenye karatasi: mchele, nyama, viungo, vinywaji, viti na turubai. Droni akitaka kuiweka na aiweke, aone kitu gani kinaondoka. Usimsahihishe haraka. Kisha chukueni zile video anazozipenda mkazitazame pamoja, kila moja mkiulizana nani kaiweka, anauza nini, na mwenye sherehe kalipa kiasi gani. Wanaofanya mapambo hapo mjini unawafahamu, muulize bei mmoja wao akiwa anasikia. Mdogo wake naye akae hapo. Wa miaka tisa huwahi kuelewa mchezo huu kuliko wakubwa, na mara nyingi wiki haiishi kabla hajaanza kuwaonyesha wenzake mtaani nani analipwa.

Gauni ni lako. Mama fundi cherehani, fremu Mbuyuni, halafu mtoto akodishiwe magauni matatu? Nendeni wote wawili mkachague kitambaa, achore anavyotaka, umpime, mkate pamoja, ashone pindo mwenyewe. Moja, zuri kuliko yote uliyowahi kushona. Usibane kitambaa. Hapo ndipo nakubaliana na akina mama wa vikoba kwamba siku hii haijirudii, na mtoto anastahili kupendeza.

Kuhusu ukumbi, waulizeni kwa upole wenye nao kama kishika nafasi kinaweza kurudishwa, hata nusu. Kikirudi kiende moja kwa moja kwenye deni. Halafu watafute wazazi wa mtaa wenu wenye watoto wa kipaimara mwaka huu. Bila shaka wapo wawili watatu, na nina hakika kila mmoja wao analala na orodha inayofanana na yako. Fanyeni sherehe moja. Turubai moja kubwa, viti vya kukodi mara moja, masufuria ya pamoja, wapishi ni ninyi wenyewe, watoto wote mbele. Mnaishi kwenye mji wenye KNCU, ushirika ulioundwa na wakulima wa kahawa mwaka 1933 kwa sababu kila mmoja peke yake alikuwa anapangiwa bei na mnunuzi. Mzazi wa kipaimara peke yake naye anapangiwa bei. Wanne wakiwa pamoja wanaweza kukataa, na hakuna mtoto atakayesema kaaibishwa kwa sababu wenzake wako naye pale.

Mkishakubaliana, nendeni kwa mchungaji kama kundi. Mwombeni usharika uzungumze na wazazi wote mapema juu ya ukubwa wa sherehe, tena mwaka ujao izungumzwe mafundisho yanapoanza, kabla orodha hazijaandikwa. Mzazi mmoja akisema hivyo ataonekana hana uwezo. Neno likitoka usharikani, hata mwenye uwezo anapata pa kupumulia. Wapo wengi wanaofanya makubwa kwa kuogopa tu kwamba jirani atafanya.

Picha zipigwe. Mpe binti simu, yeye na wenzake wagawane kazi. Na kabla ya siku yenyewe, mtume kwa bibi yake, au kwa mzee yeyote wa usharika aliyepata kipaimara zamani, akarekodi maswali na majibu: walivaa nini, walikula nini, nani alikuja, walitembea umbali gani kufika kanisani. Sauti hizo zisikilizwe siku ya sherehe mahali ambapo MC angekuwa anapiga kelele. Mtoto aliyezoea kutazama vilivyotengenezwa na wengine akishatengeneza cha kwake mwenyewe, jicho lake hubadilika. Nimeliona hilo kwa vijana wengi walioanza kurekodi na kuandika habari za mtaani kwao.

Mume wako nimemwacha mwisho kwa sababu anahitaji upole kuliko wote. Huyu baba alikopa ili binti yake asilie. Usimwite mjinga, wala usimwambie mbele ya watoto. Naijua Desemba ya Kilimanjaro. Kurudi nyumbani ni jambo jema, watu wanaonana, wazee wanatembelewa, makaburi yanasafishwa, mbuzi anachinjwa. Lakini pia ni mwezi ambao kila mtu anajihisi amewekwa kwenye mizani na ndugu zake, na televisheni ya inchi 55 anayoitaka ni ya kaka zake kuliko yake. Muulize, mkiwa wawili: kaka zako wakija, unaogopa wataona nini? Akijibu, msikilize mpaka mwisho. Kisha mwombe televisheni isubiri mpaka deni liishe. Ikiwa Machi au Aprili bado anaitaka na fedha ipo mkononi, mnunulieni. Huenda pia asiitake, kwa sababu wageni watakuwa wameshaondoka.

Na akirudia neno la ushamba, mjibu kwa utulivu kwamba wewe ndiye uliyekaa ukauliza nani analipwa nyumba yenu ikitumia. Kaka zake waandalie chakula kizuri. Kama ipo nafasi, wapigie sasa hivi, uwaambie kipaimara kitakuwa cha pamoja na majirani, na kwamba mchango wao unaweza kuwa mchele au mbuzi badala ya bahasha. Watu wa Dar wakishajua mapema nini kinahitajika hupumua. Nao wanabanwa na simu zao.

King'amuzi kitoe kabatini leo. Binti akikataa karatasi ya bajeti, akalia tena, mwache alie, usimpandishie sauti na usiongeze pesa. Mrudie Jumapili inayofuata na daftari lilelile. Wale wa mkopo wakituma meseji nyingine kwa wateja, usisubiri ya pili. Peleka lalamiko na ushahidi wote kwa ile Tume ya taarifa binafsi, mume wako aandike jina lake na wewe la kwako.